Aliyepaliwa akazimia: usimchokonoe koo

Unauliza mtu mzima akipaliwa na chakula hadi akazimia, umtie kidole kooni? Hapana, isipokuwa unakiona kitu chenyewe na unaweza kukinyofoa. Ukipapasa usichokiona, unakisukuma ndani zaidi.

Mlaze chali sakafuni. Mwenzako apige simu ya dharura. Kama uko peke yako, piga wewe, uiweke kwenye spika. Usihangaike kutafuta mapigo ya moyo, muda unayoyoma. Anza kukandamiza: kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hata moyo ukiwa bado unapiga, msukumo huo huo unaweza kukifyatua kilichokwama.

Kila ukifika 30, rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, chungulia kinywani, kisha mbane pua umpulizie mara 2. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa kabla ya pumzi ya pili, halafu rudi kifuani.

Na usidanganywe na kukoroma au kutweta kwa mara moja moja. Huko si kupumua. Endelea kukandamiza mpaka apumue vizuri au wahudumu wafike.