Kwa koplo mpya: rafiki wa jana sasa ni askari wako

Hongera kwa tepe mbili. Ukitoka kozi utarudi kikosini kuongoza seksheni, watu kama kumi hivi, na baadhi yao ni wale mliokuwa mkikopeshana hela ya vocha. Wapo makoplo wanaogeuka wakali usiku mmoja. Wapo wanaoendeleza utani mpaka amri inasikika kama ombi. Mimi nimestaafu nikiwa sajenti, na naona hawa wa pili ndio wanaoharibikiwa zaidi: ukali unaweza kuupunguza, heshima ikimwagika haizoleki.

Basi anza na swahiba wako. Lindo la saa nane usiku mpangie yeye kwanza. Atanuna, mwache anune. Wenzake watakusoma hapo kuliko kwenye hotuba yoyote.

Baada ya mwendo mrefu, usikae kabla hujaiona miguu yao. Wavue buti na soksi, pita mmoja mmoja, bonyeza kisigino, angalia katikati ya vidole. Aliye hodari ndiye anayeficha malengelenge, na kesho yake seksheni nzima inatembea kwa mwendo wa mguu wake. Bunduki nayo usiulize kama imesafishwa. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, pitisha kidole. Kikitoka cheusi, arudie.

Luteni usu aliyetoka juzi chuo cha maofisa cha Monduli atakuja na mpango wake. Ukiona kasoro, mfuate pembeni, "Afande, naomba kusema jambo," kabla amri haijatoka. Ikishatoka, itekeleze kama umeitunga wewe. Koplo anayewaambia askari "mimi sikutaka, ni mkubwa kasema" amejivua tepe mwenyewe.

Wanaodharau vyeo hivi wakumbuke Januari 1964. Uasi wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, pale kambi ya Colito, Lugalo ya leo, Dar es Salaam, uliongozwa na sajenti. Maofisa wengi walikuwa bado Waingereza. Askari walidai mishahara na maofisa Waafrika, wakamfuata mtu waliyeishi naye kambini. Septemba mwaka huohuo likaundwa jeshi jipya, JWTZ. Siusifu uasi, la hasha, ila sajenti na koplo ndio wanaosikia manung'uniko kabla ya yeyote.

Kwa hiyo yapeleke kwa sajenti wa platuni yangali madogo: posho iliyochelewa, ruhusa ya msiba iliyokwama. Andika jina na tarehe kwenye kijidaftari chako, halafu urudi umpe askari jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.