Zulia la ukutani: ligeuze kabla hujalipia

Muuzaji atakuonyesha uso. Omba kuona mgongo.

Zulia la sufu lililofumwa kwa mkono huwa na picha ileile nyuma, ila kushoto imekuwa kulia, na ncha za nyuzi zinaning'inia pale rangi ilipoanza au ilipoishia. La mashine hupitisha nyuzi za rangi toka pindo hadi pindo, kwa hiyo mgongo wake una michirizi mirefu iliyonyooka. Mgongo pia hutunza rangi: ukiona nyuma nyekundu na mbele waridi, zulia limekaa sana juani, na hakuna dawa.

Kwa kazi za Ufaransa tafuta bolduc, kitambaa kidogo kilichoshonwa nyuma chenye jina la msanii na karakana, vipimo, namba ya nakala na sahihi. Kwa sheria ya huko, ili zihesabiwe kazi asili, nakala za mchoro mmoja hazizidi 8. Mara nyingi 6 za namba na 2 za msanii. Bolduc hufumuliwa ikahamishiwa zulia jingine, basi chukua futikamba, upime kama vipimo vinalingana.

Tangu msanii Mfaransa Jean Lurçat alipopelekwa Aubusson, mji wa wafumaji huko Ufaransa, mwaka 1939, wengi walifuata njia yake: uzi mnene, rangi chache zilizopewa namba kwenye mchoro. Rangi mbili zilipokutana zilichomekana kama meno ya chanuo. Ukiuziwa "Lurçat" ambayo rangi zake zimeyeyukiana kama picha ya kamera, shuku.

Sasa nyufa. Mtande, yaani nyuzi zinazotandazwa kwanza kabla ya kufuma, kwa kawaida hulala mlalo zulia likitundikwa, na rangi mbili zinapopakana sambamba na mtande hubaki upenyo, ambao hushonwa baadaye. Ushonaji ukioza, uzito hufungua upenyo kama mdomo. Lishikilie mbele ya dirisha: mwanga ukipenya, punguza bei. Kushona upya si kazi ngumu, ni ya subira: sindano iliyopinda, uzi imara, mishono ya milimita 3 hadi 4 kutokea nyuma, bila kuvuta. Ukivuta, zulia linakunjamana, na hapo pasi haisaidii.

Usitundike kwa misumari wala pete. Kila pete inabeba uzito peke yake na pindo linafanya mawimbi. Shona kwa mkono upande laini wa velkro, utepe wa kubandua na kubandika, wa sentimita 5 juu ya mkanda wa pamba, upana wote wa pindo la juu. Upande wenye kulabu uupigilie kwenye ubao uliofupishwa sentimita 1 kila upande, kisha ubao uukaze ukutani kwa skrubu.

Dobi asiliguse, rangi huchuja. Vumbi livute kwa mashine kwa nguvu ndogo, kupitia wavu. Anayekula sufu ni kiwavi wa nondo, na hupenda giza la mgongoni. Ukimkuta, lifunge zulia kwenye plastiki, toa hewa, ligandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Likitoka, usifungue plastiki kabla ya saa 24, la sivyo umande utatua kwenye sufu.