"Mtu tulivu" au "mtu mtulivu"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu letu nilimsifia mchumba wa rafiki yangu nikaandika "ni mtu tulivu sana", basi wakanicheka, mmoja akasema ilitakiwa iwe "mtulivu", mwingine akadai nimekosea yote maana huyo kaka anaongea kama redio, atakuwaje mtulivu? Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wa kwanza kapata, wa pili hapana.

Neno lenyewe ni -tulivu, limetoka kwenye kutulia kama vile mvumilivu alivyotoka kwenye kuvumilia, na lazima livae ngeli ya kile unachokisifia. Ukikwama weka "zuri" kwanza usikie: mtu mzuri, basi mtu mtulivu, maji mazuri, basi maji matulivu. Kwenye bahari nzuri ile n haikai mbele ya t, inadondoka, unabaki na bahari tulivu, nadhani hapo ndipo ulipochanganyikiwa. Wengi tunasema "mazingira tulivu" na tunaelewana vizuri tu, ila kama unasema mazingira mazuri basi kwa sarufi ni mazingira matulivu.

Sasa huyo shemeji. Kuongea sana hakumnyimi mtu utulivu! Mtoto kajikata na kisu, damu inatoka, watu wanapiga kelele, yule muongeaji anatafuta kitambaa safi anakandamiza kidonda taratibu huku utani wake unaendelea vilevile, huyo ni mtulivu. Alafu kuna yule kakaa kona hasemi neno lakini mguu unatikisika chini ya meza na kucha kashazing'ata zote, huyo ni mkimya tu, au mnyamavu ukitaka Kiswahili cha vitabuni, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mpole naye ni habari nyingine, hapo tunaangalia anavyowatendea wenzake, na unaweza kumkuta mpole kabisa ila likitokea jambo dogo tu anatetemeka.

Shwari haivai chochote, bahari shwari, mambo shwari, imetoka kwenye upepo kutulia, lakini "mtu shwari" mi sikio langu linakataa.

Alafu ukiwasikia vijana wanasema "hicho kiatu kimetulia" usitafute utulivu hapo, wanamaanisha kimependeza.