Usilipie bustani ya ufukweni kabla hujaiona siku ya bamvua

Usilipe hiyo arubuni Ijumaa hii, ndugu yangu. Umeeleza kwamba mna wageni mia nne, kwamba mliiona bustani ya ufukweni Jumanne asubuhi mkaipenda, kwamba msimamizi wake anawaharakisha kwa kusema kuna watu wengine wanaoitaka tarehe hiyo hiyo, na kwamba bado mnasita kati ya bustani hiyo na ukumbi wa mjini. Umeuliza pia habari za mapambo, za wanamuziki, na kama mlete wapishi wenu wenyewe. Lakini hujasema popote kwamba mmeangalia mwezi, nayo sherehe mmeipanga Jumamosi ya wiki ya tano kutoka hii, ambayo ni siku mbili baada ya mwezi mpevu. Jumanne mliyokwenda, mwezi ulikuwa nusu. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yananitia hofu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa katika harusi ya mdogo wangu.

Sisi nasi tulipelekwa kuiona bustani saa nne asubuhi. Msimamizi alitufikisha ukingoni mwa nyasi, akatuonyesha mawimbi yaliyokuwa yakivunjika mbali kule chini, akasema kwamba hayo ndiyo maji yaliyojaa na kwamba sehemu ya mchanga tuliyoisimamia hubaki kavu. Maji yalikuwa yamejaa kweli saa ile, na ndiyo sababu maneno yake yalituingia. Jambo alilolinyamazia ni kwamba ile ilikuwa siku ya maji mafu. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wake na mvuto wa jua huwa katika pande tofauti, kwa hiyo bahari haijai sana wala haikupwi sana. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mivuto hiyo miwili hushirikiana katika mstari mmoja, na katika pwani nyingi bamvua lenyewe, yaani maji kujaa na kukupwa kupita kawaida, hufikia kilele siku moja au mbili baadaye, yaani usiku ule ule mnaotaka kuwakalisha wageni wenu. Katika ufuo unaoinuka mita moja tu kwa kila mita hamsini, bahari ikipanda mita moja zaidi humeza mita hamsini za mchanga. Meza zenu zitakuwa hapo hapo.

Siku ya harusi wageni walianza kufika saa kumi na moja jioni. Kabla ya kutimia saa kumi na mbili, maji yalikuwa yamefika kwenye nyasi. Tukaihamisha safu ya mbele ya meza, kisha tukaihamisha tena. Mchanga uliolowa ukaviachia vigingi vya mahema, tukalazimika kuwatoa watu chini ya mahema mawili yaliyokuwa yameanza kulala upande. Nyaya za jenereta zilikuwa zimetandazwa chini, hivyo fundi akazima umeme wote, na alifanya vyema, kwani nyaya na maji ya chumvi ni hatari kwa mtu yeyote aliye peku. Hata hivyo hasara kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma yetu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Njia pekee ya kuingia katika bustani ilikatisha mkono mdogo wa bahari ambao asubuhi tulipouona ulikuwa na tope kidogo tu. Lori la wapishi lilifika pale mkono umejaa. Chakula cha harusi nzima kikakaa ng'ambo moja, wageni ng'ambo ya pili, na hata waliotaka kuondoka hawakuweza kupitisha magari yao mpaka maji yalipokupwa, baada ya saa mbili usiku. Bibi yetu ana kisukari, na muda wote huo tulikuwa tukimtafutia kitu cha kula kwa kuuliza meza hadi meza nani ana tunda au biskuti mkobani. Sehemu ya chakula ilitupwa, mwenye mahema alidai fidia, mwenye vyombo vya muziki naye akadai, na yote hayo tuliyalipa sisi.

Msimamizi alikataa kurudisha hata sehemu ya fedha, akitegemea kifungu cha mkataba kilichosema kwamba hawajibiki kwa nguvu za asili. Hasira yangu juu ya kifungu hicho haijapoa hadi leo. Dhoruba inaweza kuitwa nguvu za asili. Tetemeko la ardhi pia. Kujaa kwa maji huhesabiwa mapema, na majedwali yanayoonyesha saa na kimo chake kwa bandari moja moja hutolewa kabla mwaka haujaanza. Mtu anayepata riziki kwa kukodisha ukingo wa bahari hawezi kudai kwamba bahari ilimshtukiza. Tena alijua, kwa sababu adhuhuri ile ile, kabla ya mgeni wa kwanza kufika, walinzi wake walikuwa wamekwisha kuvihamishia nyuma ya ukuta viti vyake vya kulalia. Aliokoa viti vyake, akatuacha tupange vyetu pale pale.

Kwa hiyo ninalokusihi ni hili moja: kaone mahali hapo siku ya bamvua, kwa saa zile zile za sherehe yenu, na ukae kuanzia saa ya kufika wageni hadi saa ya kuondoka kwao. Bahati ni kwamba katika sehemu moja ya pwani, maji ya bamvua hujaa karibu na saa ile ile kila yanaporudi, na bamvua hurudi takriban kila baada ya siku kumi na tano. Bamvua lililotangulia litakuonyesha karibu bahari ile ile mtakayoikuta. Acha nafasi ya ziada hata hivyo, maana bamvua mbili zinazofuatana hazilingani: mwezi huwa karibu zaidi na dunia katika moja kuliko katika nyingine, na upepo unaovuma kutoka baharini huyasukuma maji mbele zaidi. Tafuta pia mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, vijiti na takataka. Ukiukuta kwenye mizizi ya nyasi au chini ya ukuta, hapo ndipo bahari ilipofika, hata kama utaambiwa vinginevyo. Kisha irudie njia ya kuingilia kwa miguu, yote, hadi barabara kuu.

Ziara hiyo itakuonyesha na upepo, kwani asubuhi mliyokwenda haiwezi kuwaambia lolote juu yake. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wa kutoka baharini hushika nguvu alasiri. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya hema huongezeka mara nne, na vigingi vifupi haviwezi kushindana nao mchangani.

Kama pwani yenu ni ya bahari isiyojaa wala kukupwa sana, kama Mediterania ilivyo katika sehemu nyingi, mwezi utakusumbua kidogo, na upepo na mawimbi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kwingineko, mwambie msimamizi aandike katika mkataba eneo linalobaki kavu maji ya bamvua yakijaa siku ya sherehe yenu, pamoja na hali ya njia saa hizo, na kwamba kujaa kwa maji kulikomo katika jedwali hakuhesabiwi kuwa nguvu za asili. Akikataa kuyaandika, chukueni ukumbi wa mjini.

Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Kwa hesabu hiyo, bahari ya Jumamosi yenu mtaiona Ijumaa ya wiki ijayo, ambayo nayo ni siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu, na mtabaki na wiki nne za kutafuta mahali pengine ikibidi. Nendeni saa kumi jioni, msiondoke kabla ya saa nne usiku, na gari liacheni upande wa barabara kuu.