Nina tempo tatu mkononi, nichukue ipi?

SWALI

Shikamoo dada mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, nina shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Nilimaliza chuo 2022 na tangu hapo naomba ajira serikalini kila nafasi zinapotangazwa. Usaili wa mwisho nilivuka mchujo wa kuandika, nikaishia kwenye mahojiano. Mwaka jana wote nimejitolea shule ya kata hapa kwetu Kilosa. Wazazi wanachanga, napewa 120,000 kwa mwezi, ila miezi mingine nilipewa 60,000 na mingine sikupewa kitu.

Sasa nimepata nafasi tatu za tempo, yaani kazi za muda, kwa mpigo. Ya kwanza ni shule binafsi ya bweni mkoa wa Pwani, aliyeniunganishia ni mjomba. Mshahara 600,000, nyumba ya shule, chakula cha mchana, mkataba wa miaka miwili. Lakini wanataka wakae na vyeti vyangu halisi, na nikiondoka kabla mkataba haujaisha niwalipe mishahara ya miezi mitatu. Ya pili ni shule ya kutwa Morogoro mjini, kumshikia mwalimu anayekwenda likizo ya uzazi, miezi minne, 400,000, Kidato cha Tatu na cha Nne. Chumba cha Kihonda nimeambiwa 50,000, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ya tatu ni kubaki hapa hapa ninapojitolea. Mkuu wa shule ananibembeleza nisiondoke.

Mama anasema laki sita haiachwi. Bodi ya Mikopo nao wananidai. Meneja wa Pwani anataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kilosa

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote macho yangu yalirudi kwenye yale maneno "wakae na vyeti vyangu halisi". Nianzie hapo, mshahara utafuata.

Mimi nilimaliza chuo 2015. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza, wanakaa nyumbani miezi michache, majina yanatoka, wanapanda basi kwenda kuripoti. Sisi tukasubiri zamu yetu, 2016 ikaja na uhakiki wa vyeti na msako wa wafanyakazi hewa, ajira zikasimama. Zilipofunguka 2017 waliotakiwa walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Sisi wa Kiswahili na Historia tukabaki kupiga tempo. Nimepiga tempo miaka sita, shule nne.

Katika shule ya tatu, meneja alikusanya vyeti vya walimu wote siku ya kuripoti. Akavitia kwenye boksi faili la bluu, akafungia kwenye kabati la chuma nyuma ya meza yake. Sikupewa hata karatasi ya kuonyesha nimekabidhi. Walimu wenzangu tisa walikuwa wamefanya hivyo hivyo, nikaona ndio utaratibu. Mwaka 2021 majina yakatoka na langu likiwemo. Tulipewa wiki mbili kuripoti halmashauri tukiwa na vyeti halisi. Meneja alikuwa safarini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Siku kumi na moja nilikuwa napita ofisini kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, namuuliza mhasibu kama bosi amerudi. Aliporudi alinitaka kwanza nimlipe mishahara ya miezi miwili. Nikakopa kwa shangazi, nyingine mama akaitoa kwenye kikoba chao.

Cheti changu cha kidato cha nne kilirudi kimetobolewa matundu mawili ubavuni ili kikae sawa kwenye faili. Tundu moja lilikuwa limegusa namba ya cheti. Afisa utumishi alikiinua kuelekea dirishani, akakigeuza, akanitazama, akaniambia nisubiri nje. Nilikaa kwenye lile benchi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na mkoba wangu wa nguo mapajani. Nilipokewa, namshukuru Mungu. Ila mpaka leo nikiona mtu anatoa cheti chake halisi na kukiacha mezani kwa mtu, tumbo linanikata.

Na siku hizi hatari imekua, maana wakati wetu hapakuwa na usaili. Umeshaingia kwenye ule wa Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali inayosaili waombaji, unajua mwenyewe wanavyosisitiza: vyeti halisi mkononi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliki, matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki. Ukiitwa wiki ijayo na vyeti viko Pwani kwenye kabati, utaingia na nini? Mwajiri aonyeshwe vyeti halisi, avikague mbele yako, abaki na nakala iliyothibitishwa na wakili. Hizo zinamtosha. Anayetaka zaidi ya hapo anataka usiondoke.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua mama anasikiliza. Mwambie akae na kalamu.

Laki sita ya Pwani haitafika mkononi ikiwa laki sita. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na kama mnagawana nusu kwa nusu, yako ni 60,000. Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15, hiyo ni 90,000. Kodi ya mapato kwa viwango ninavyovijua ni kama 24,000. Unabaki na 426,000, nyumba ya bure, na mlo mmoja wa bure siku za kazi. Ya Morogoro: NSSF 40,000, Bodi 60,000, kodi 7,200, unabaki na 292,800. Toa chumba 50,000, unabaki na 242,800 kabla hujala na hujapanda daladala. Halafu mwenye nyumba anataka 300,000 kabla hujapokea mshahara hata mmoja, kwa miezi sita, na kazi yenyewe ni miezi minne. Laki moja ya chumba usichokikalia itabaki Kihonda.

Kwa hiyo mama hajakosea, kwa hesabu tupu Pwani inashinda mbali. Wala sikwambii uikatae Pwani. Nakwambia usiichukue ilivyo.

Huo mkataba unaweza kurekebishwa, na kabla ya Ijumaa wewe ndiye mwenye nguvu, kwa sababu wanakuhitaji na hujasaini. Ukishasaini, nguvu inahama. Omba mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, vyeti vinakaguliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo, nakala inabaki. La pili, kipengele kinachosema ukipata ajira ya serikali utatoa notisi ya mwezi mmoja na hutadaiwa fidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema anayelipwa kwa mwezi hutoa au hupewa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba ukitaka muda mrefu zaidi lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Muulize meneja kwa adabu: na wao wakiniondoa katikati, watanilipa miezi mitatu? Akisita, utakuwa umejua mkataba umeandikwa kwa ajili ya nani. Ila usijidanganye kwamba siku 28 zitakuokoa zenyewe. Mkataba wa muda maalumu ukiukatisha katikati unaweza kudaiwa, ndiyo maana nataka hicho kipengele kiandikwe na kisiishie kwenye "tutaelewana tu".

Ukiwa hapo hapo uliza na hili, ambalo wengi tunalisahau kwa furaha: Juni na Desemba unalipwa? Nimefanya kazi shule ambayo mwalimu wa tempo alilipwa miezi wanafunzi walipo tu. Mshahara uliotajwa ulikuwa mzuri, lakini miezi miwili ya mwaka nilikuwa narudi kwa mama mikono mitupu. Na miezi mitatu ya mwanzo usiache kuangalia kama michango ya NSSF inaingia kweli. Wapo wanaokata kwenye mshahara, hawapeleki. Hiyo miezi ndiyo inayohesabiwa kuelekea ile miezi 180 ya kuchangia inayotakiwa ili upate pensheni, na wewe una miaka 27, si mapema kuanza kuihesabu.

Kuhusu mjomba, najua ni mzigo. Kazi ya kuunganishiwa ina aibu yake, unaogopa ukiuliza maswali utaonekana huna shukrani. Mpigie kabla hujampigia meneja. Mwambie, "Mjomba, kazi naitaka na nashukuru, naomba unisaidie vyeti vibaki kwangu ili nikiitwa usaili nisikwame." Mtu mzima akiombwa msaada badala ya kupewa taarifa, mara nyingi anakuwa upande wako. Huenda yeye mwenyewe hajui habari ya vyeti.

Wakikataa yote mawili, nenda Morogoro. Wakikubali la vyeti na kukataa la fidia, hapo ni wewe na moyo wako, ila mimi ningekwenda tu nikiwa na mishahara miwili akiba ndani ya miezi sita ya mwanzo, nayo siigusi.

Morogoro ukienda, uende ukijua unachokwenda kufanya. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na 100 kwa mapacha, kwa hiyo hiyo miezi minne imeunganishwa na likizo nyingine, na siku mwenye kipindi akirudi wewe unaondoka. Barua iandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Chumba usilipe miezi sita. Tafuta mwalimu wa pale pale anayeishi peke yake mchangie, au omba mwenye nyumba apokee mitatu mitatu. Wapo wanaokubali ukienda na mtu wanayemfahamu. Faida ya pale ni Kidato cha Nne. Mwalimu aliyesahihisha insha za Kidato cha Nne miezi minne anaijua silabasi kwa vidole.

Lakini kuna jambo kwenye Pwani hujalitaja na mimi ningelipima sana. Utafundisha kidato gani? Mtaala mpya ulianza na Kidato cha Kwanza 2025 na unapanda kidato kwa kidato. Humo kuna Historia ya Tanzania na Maadili, somo jipya ambalo sisi wa Historia tumelipokea tukiwa hatujazoea. Ukipewa Kidato cha Kwanza au cha Pili, utakuwa unaandaa azimio la kazi na maandalio ya somo kwa muhtasari mpya kila wiki, na ukikaa mbele ya wasaili utazungumzia kitu ulichokifanya asubuhi ya juzi. Wewe mchujo umeuvuka, uliangukia mahojiano. Ungekuwa mdogo wangu wa damu ningekuweka mbele ya ubao jikoni, nikakwambia nifundishe ngeli kwa dakika kumi, bila daftari, na mpwa wako wa darasa la sita akiwa mwanafunzi. Fanya hivyo na mtu yeyote huko Kilosa, kuanzia wiki hii.

Shule ya kata. Hapa naandika taratibu, kwa sababu najua wale watoto. Mkuu wa shule anayekubembeleza habembelezi kwa hila, ana vipindi visivyo na mwalimu. Ila umewapa mwaka mzima, na kuna miezi wameshindwa kukupa hata nauli. Kujitolea peke yake hakukuhakikishii ajira. Utaitwa usaili kama wengine na kupimwa kama wengine. Ondoka ukiwa umemwachia mkuu wa shule maazimio yako yote, mitihani uliyotunga na majina ya wanafunzi wanaohitaji kuangaliwa. Muombe barua ya utambulisho yenye muhuri inayoonyesha ulianza lini, ulifundisha nini, vidato gani. Omba kabla hajahamishwa, nami nimewahi kumfuata mkuu wa shule mkoa wa pili kwa ajili ya saini moja.

Usiku wa leo fungua akaunti yako ya ajira, uangalie kama majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na vyeti vya shule, herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, lianze kulishughulikia sasa ukiwa nyumbani, si siku umeitwa. Na anwani ya makazi ibadilishe ukishahama.

Kwa hiyo kesho mjomba, keshokutwa meneja. Ujumbe wako kwa meneja uwe mfupi: unaitaka kazi, una maombi mawili, unaomba jibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Shule ya Morogoro wapigie leo hii, waombe wakuvumilie mpaka Jumamosi asubuhi, usiwaache wakidhani umepotea. Meneja akikutumia mkataba uliorekebishwa, nipigie picha ule ukurasa wa kipengele cha kuondoka tu, nitausoma usiku huo huo.