Ule unga wa machungwa kwa nyasi yako si vumbi

Juzi msomaji mmoja wa Ruaka amenitumia picha ya raba zake nyeupe, mbele zimegeuka rangi ya machungwa baada ya kutembea tu kwa nyasi yake, anauliza kama ni vumbi ya murram. Nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu swali hilohilo nililijibu vibaya miaka minne iliyopita na likanipotezea kazi.

Nilikuwa ndio naanza kupandia watu nyasi. Nikapata kiwanja Karen, cha mama mmoja mkali lakini mlipaji. Badala ya kununua miche kwa wale jamaa wa kando ya barabara nikajifanya mjanja, nikakodi pikapu hadi Limuru nikang'oa nyasi ya kikuyu inayojiotea kando ya reli, bure kabisa, magunia kumi na nane. Majani mengine yalikuwa na madoa ya njano, nikasema ni baridi tu.

Ikashika vizuri, mama akaanza kunitafutia kazi kwa majirani. Kisha ikaja ile Julai yetu, wiki nzima jua hulioni, umande haukauki mpaka saa nne. Mbwa wake mweupe akawa anaingia sebuleni na miguu ya rangi ya kutu. Nikaitwa. Nikamwambia ni vumbi mama, ongeza maji jioni. Jioni jamani!

Kumbe ni kuvu, na jina lake ni hilohilo, kutu. Ile ya nyasi ya kikuyu wataalamu wanaiita Phakopsora apoda, na ndugu yake Puccinia graminis ndiye anayemaliza ngano, ile aina ya Ug99 iliyoonekana Uganda 1998, ndiyo maana ngano za nchi nyingi huletwa kwetu Njoro kupimwa kama zinaihimili. Hii kitu haitaki jani lililokufa, inataka jani hai, inalinyonya polepole halafu inapasua ngozi yake na kumwaga ule unga, na unga wenyewe ndio vimbegu vyake, upepo, kiatu, mashine ya kukata, mbwa, wote wanabeba. Kimbegu kikitua kwa jani lililolala na maji, kinaota. Na mimi ndiye niliyesema jioni.

Agosti nikakuta fundi mwingine getini. Pesa iliyobaki sikuiona, nikaambiwa "uliniletea ugonjwa kwa gunia." Inaniuma mpaka leo kwa sababu ni kweli.

Sasa nyinyi mnaotaka hizi kazi za mageti makubwa, kila siku mnaniuliza dawa, dawa gani, mnakimbia agroveti na jani hamjalipindua. Pindua jani! Sugua na tishu nyeupe, ikitoka machungwa, ni kutu. Maji mwaga asubuhi, jua likaushe. Nyasi yenye njaa ndiyo inaumia zaidi, kwa hivyo weka mbolea ya CAN kidogo ikue haraka, kata, zoa kila ulichokata, osha mashine kabla hujaipeleka kwa mteja mwingine. Na nyasi ya bure, kabla hujaing'oa, pindua jani, hata kama pikapu inangoja na dereva anapiga honi.

Wewe wa Ruaka, viatu nimeviona. Nitumie picha ya tishu.