Rejista Usimwachie Monita: Kwa Walimu wa Darasa wa Ajira Mpya

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunafunga rejista za mahudhurio za mwezi. Saa nane mchana nikamkuta mwalimu wetu mpya, wa Kidato cha Pili B, amesimama mlangoni pa ofisi anamkabidhi monita wake rejista na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. "Zijazie hizo za wiki hii, jumlisha, niletee nisaini." Monita akapokea kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Nilinyamaza, kwa sababu mwalimu hasahihishwi mbele ya mwanafunzi wake. Lakini nilirudi mezani kwangu nikashindwa kusahihisha hata daftari moja. Kijana yule ni mwalimu hodari. Fizikia yake inawaleta watoto shuleni Jumamosi bila kuitwa. Ila alichokuwa anafanya pale mlangoni nilikifanya mimi mwaka 2013, na aliyekilipia ni mtoto wa mwanamke mwenzangu. Kwa hiyo haya nawaandikia yeye na wenzake wote mliokabidhiwa mikondo mwaka huu, mkadhani mmeongezewa kazi ya karatasi.

1. Majina. Wiki mbili zikiisha uwe unawajua wote, kwa jina na kwa sura. "Wewe wa nyuma" si jina la mtu. Mwaka mmoja nilikuwa na Neema watano kwenye mkondo mmoja, na watoto wenyewe wakanisaidia: Neema wa dirishani, Neema Mrefu, Neema Kwaya, Neema wa Mjomba, na mmoja aliyekataa katakata kuongezewa chochote, akabaki Neema. Wote watano walijua kwamba ninapoita, namwita nani. Na majina ya kwenye karatasi pia ni yako. Linganisha rejista, namba ya PREM (ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani) na cheti cha kuzaliwa mapema, herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosewa kwenye usajili wa mtihani inafuatana na mtoto hadi siku anaomba mkopo wa elimu ya juu, na hapo ataanza kuhangaika na hati za kiapo kwa kosa ambalo wewe ungelifuta kwa dakika mbili.

2. Rejista. Hapa nitakaa.

Mwaka 2013 nilikuwa na mwaka wa pili kazini, shule ya kata mkoani Singida. Darasa langu la Kidato cha Pili lilikuwa na wanafunzi 61, nami nilikuwa na vipindi 28 kwa wiki. Nikaona kuita majina 61 kila asubuhi kunakula kipindi cha kwanza. Monita wangu alikuwa binti mwaminifu, mwandiko wake kama wa kitabu. Nikamkabidhi. Mwezi wa kwanza nilikuwa naipitia kila Ijumaa. Mwezi wa pili nikawa nasaini tu. Kufikia Agosti naye alikuwa amejifunza kwangu: anaijaza wiki nzima Ijumaa mchana, wote wapo, isipokuwa wale watoro ambao shule nzima inawajua.

Kulikuwa na binti mmoja wa safu ya katikati. Mpole, hana kelele, hana maksi za kutisha wala za kusifiwa. Wale ambao mwalimu akichoka hawaoni. Kwao mbali, kwa hiyo alipanga geto karibu na shule, yeye na mwenzake wa Kidato cha Tatu. Enzi hizo ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango ya mlinzi, maabara na madawati. Alikuwa anadaiwa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha niliyoisoma mimi mwenyewe mstarini, mara mbili, na mara zote mbili alirudishwa nyumbani kufuata hela.

Jumamosi moja ya Septemba nilikuwa shuleni na Kidato cha Nne, masomo ya ziada. Mama yake akaja. Ilikuwa siku ya mnada, ndipo huwa anapata usafiri wa lori kumletea mwanawe chakula. Alivua kandambili nje ya ofisi, akasimama na kiroba cha unga na maharage, na mafuta ya alizeti kwenye chupa ya maji. "Mwalimu wangu, nimefika pale anapolala nimekuta kufuli. Majirani wanasema hawamwoni."

Nikavuta rejista. Nikapitisha kidole kwenye mstari wa jina lake: yupo, yupo, yupo, mpaka jana yake. Nikamwambia, na sauti yangu naikumbuka ilivyokuwa na uhakika: "Mama, Ijumaa alikuwepo. Atakuwa ametoka na wenzake kwenda mnadani. Acha mzigo hapa, Jumatatu nitampa mkononi."

Akashukuru. Akainama kabisa kunishukuru, akawahi lori lake. Yule mama alikuwa ameona kufuli kwa macho yake na kusikia majirani kwa masikio yake, akaviacha vyote viwili akaamini kitabu changu.

Jumatatu nikaingia darasani na kiroba. Nikaita jina. Kimya. Nikaita tena. Mvulana wa nyuma akasema taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mkubwa wake: "Madam, huyo alishaondoka. Yuko Dar, anafanya kazi za ndani." Tangu lini? Tangu Agosti. Darasa zima lilijua. Wapishi wa uji walijua. Asiyejua ni mwalimu wa darasa, amesimama mbele na unga wa mtoto mkononi.

Nilihesabu baadaye. Siku 23 za masomo, zote zimewekwa alama ya kuwepo, na chini ya mwezi Agosti saini yangu.

Mchana ule mkuu wa shule alinipa pikipiki ya kukodi nikaenda kijijini kumwambia mama. Nilijiandaa kwa matusi, nikajiandaa hata kwa kipigo. Hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda, akakaa muda mrefu, halafu akauliza: "Sasa mwalimu, kile kitabu kilikuwa kinaandika nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mtendaji wa kijiji alisaidia, ndugu wakachangishana nauli ya kumfuata, akapatikana. Alirudi Desemba, mtihani wa Taifa wa Kidato cha Pili umeshapita. Januari akaanza upya na wadogo zake, akamaliza Kidato cha Nne nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima. Lakini kinachonirudia usiku ni jambo alilonisimulia mwenyewe baadaye: wiki yote ya kwanza alikuwa bado Singida mjini, kwa ndugu wa yule mwanamke aliyemchukua, wanasubiri pesa ya basi. Siku tano. Kama rejista ingeonyesha pengo Jumatatu na Jumanne, Jumatano ningepiga simu, na Alhamisi baba yake angekuwa kwenye mlango ule.

Monita wangu alilia siku nzima akidhani atafukuzwa shule. Nikasimama mbele ya darasa nikasema kosa ni langu. Ni mtoto wa miaka 15. Nilimpa kazi yangu, akaifanya vilevile alivyoniona nikiifanya.

Tangu hapo naita mwenyewe, kila asubuhi, na naangalia uso, siyo sauti, maana marafiki huitikiana. Kalamu ya wino, siku hiyohiyo. Siku ya pili ya pengo nauliza jirani yake wa dawati, siku ya tatu napiga simu nyumbani, wiki ikiisha mtendaji anajua. Ukizoea, majina 60 ni dakika nne. Nimepima.

3. Namba za simu za wazazi. Chukua mbili kwa kila mtoto, na uzipige mwezi wa kwanza kabla hujazihitaji. Utashangaa ngapi ni za mjomba aliyehamia Kahama.

4. Geto. Katembee. Nenda na mwalimu mwenzako, saa kumi jioni, milango wazi, siku ambayo hukuahidi. Usiende kupekua, nenda kuona wanalala wapi, wanapika nini, na mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Mwanafunzi anayesinzia kipindi cha tatu, mara nyingi jibu lake lipo kwenye sufuria. Na ukisikia mtoto wa kike amepata ujauzito, mfuate kwao. Tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi shule uko wazi, lakini nyumbani wengi bado hawaamini mpaka mwalimu aje kusema kwa mdomo wake.

5. Fimbo. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nimechoka kuliona. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 hazikukupa wewe ruhusa. Zimempa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na mtoto wa kike asichapwe na mwalimu wa kiume ikiwa yupo wa kike. Wewe unayekaa getini na mti wa mkaratusi kuwasubiri wachelewaji, umemuuliza hata mmoja ametembea kilomita ngapi? Mchelewaji unayemchapa leo, kesho akijiona amechelewa ataishia porini hadi saa nane. Hapo umegeuza dakika ishirini kuwa utoro, kwa mkono wako.

6. Michango. Ada ilifutwa Januari 2016. Deni la mchango lizungumze na mzazi. Orodha ya wanaodaiwa isisomwe mstarini. Nimeshaeleza yangu iliishia wapi.

7. Ripoti. "Ana uwezo, aongeze bidii" kwa wanafunzi wote 60 ni kutosema kitu. Mzee mmoja alikuja shuleni na ripoti za mapacha wake, mmoja wa pili darasani, mwingine wa 54, maoni yale yale neno kwa neno. Akamuuliza mwalimu wao kwa upole: "Mwalimu, hii bidii iongezwe na yupi?" Andika kitu kimoja ulichokiona wewe: anasoma kwa sauti nzuri, haoni ubaoni, amwone daktari wa macho.

Sasa wewe mdogo wangu wa Kidato cha Pili B. Ijumaa ile nilipotoka ofisini nilipita darasani kwako nikahesabu vichwa, mara mbili. Walikuwa 55. Rejista iliyorudi mezani kwako imeandika 58, wote wapo. Jumatatu saa moja na nusu nitakuja tuite majina pamoja, na hao watatu tuanze nao.